Vifungo vya Pembe

Pale chuoni walimwita Vifungo, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa akisomea kutengeneza meno bandia, kozi ambayo watu wakiisikia kwanza hucheka, halafu hupapasa magego yao kwa ulimi. Darasa lao lilikuwa dogo. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu, mezani kumepangwa taa za spiriti za kuyeyushia nta, na sakafu haikukosa unga mweupe wa plasta hata ikipigwa deki asubuhi na jioni. Kila mwanafunzi alikuwa na mashine yake ndogo ya kusagia yenye ncha inayozunguka. Kazi ziliwafikia zikiwa mataya ya plasta, kila taya limefungiwa kikaratasi chenye namba. Mwenye taya hawakumwona. Walisoma namba, wakapanga meno kwenye nta, wakapika, wakasaga, wakang'arisha, na kazi ikarudi hospitali ilikotoka.

Kifungo cha kwanza alikitengeneza kwa ajili ya koti la baba yake. Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, na koti lake zito lilikuwa limepoteza kifungo kimoja, tena pale pale kifuani panapoingia baridi. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, cherehani yake iko chumba cha mbele, makopo ya vifungo yamejaa rafu nzima, lakini alipekua yote asipate kinachofanana na vile vya koti. Binti akaenda kwa muuza ngozi jirani na chuo, akaomba kipande cha pembe ya ng'ombe, akakaa nacho maabara wakati wenzake wamekwenda kula. Alikikata kwa msumeno mwembamba, akakichonga mviringo, akatoboa matundu manne kwa ncha ndogo kuliko zote, akakipitisha kwenye msasa, kisha kwenye gurudumu la kitambaa wanalong'arishia meno. Kilitoka cheusi, kina mstari wa rangi ya asali katikati, kizuri kuliko koti lenyewe.

Baba alikivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Sasa hivi vingine ndivyo vinavyoonekana vibaya."

Ikabidi atengeneze vyote.

Kuanzia hapo hakushikika. Alitengeneza vifungo vya pembe, vya kifuu cha nazi, vya mfupa. Vya mviringo, vya umbo la jani, vya umbo la samaki mwenye matundu mawili mahali pa macho. Alivijaza kwenye makopo, akawagawia wenzake, wengine wakavishona kwenye makoti meupe ya maabara hadi mkufunzi akauliza kama hiki ni chuo cha afya au duka la fundi cherehani. Mwaka wa mwisho alikwenda kutembelea maonyesho ya kazi za mikono mjini. Alizunguka meza zote: kofia, vikapu, mikoba ya ngozi, sabuni, mishumaa, wanasesere wa vitambaa. Hakuona mtu hata mmoja anayeuza vifungo. Alirudi bwenini ana furaha kama aliyeokota, maana aliona pengo, na pengo hilo ni lake. Nikimaliza chuo, aliwaambia wenzake, mimi ni mtu wa maonyesho. Kwamba pengo lile huenda lina sababu yake, hilo halikumjia.

Siku chache baada ya mahafali, shangazi yake alifika nyumbani. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, muuguzi mstaafu, mwanamke aliyezoea kuingia wodini na watu wakakaa sawa vitandani. Ndiye aliyemhangaikia nafasi ya chuo, akipanda na kushuka ngazi za maofisi kwa miguu yake mibovu. Binti alimwamkia, akampokea mkoba, akamvutia kiti.

"Nimeongea na mwenye maabara ya meno, yule wa jengo la zahanati," shangazi alisema kwa sauti ya chini. Katika nyumba ile kila mtu aliongea hivyo mchana, kwa sababu baba alikuwa amelala chumba cha pili. Ugomvi wa familia nzima ulifanywa kwa minong'ono. "Anatafuta fundi. Jumatatu uende na vyeti."

"Sitakwenda, shangazi."

"Hutakwenda Jumatatu, au hutakwenda?"

"Sitaki kutengeneza meno. Nitauza vifungo kwenye maonyesho. Meza ya kwanza nimeshaiandikisha."

Shangazi akamtazama mama. Mama akaitazama sindano ya cherehani.

"Nimehangaika nawe usome, upate kazi," shangazi akanong'ona. "Umemaliza, na sasa unatafuta kifungo."

Mama alishindwa kujizuia, akacheka kupitia puani.

"Wifi, usicheke. Hiki ni kifungo cha maisha." Akamgeukia binti tena. "Nisikilize. Mtu bila meno hali. Mtu bila kifungo anabana na pini, siku inaendelea. Wewe umefundishwa kitu ambacho watu wanakihitaji."

"Nimechoka na mataya ya plasta, shangazi. Kifungo nikikimaliza nakiona kinavaliwa."

"Kinavaliwa na nani? Umeshamwona anayekivaa, zaidi ya baba yako?"

Binti akajishughulisha na kuchokonoa kucha. Mama ndiye aliyesuluhisha. Alisema mtoto aachwe ajaribu maonyesho ya msimu huu, yakipita watakaa chini waongee tena, na shangazi amwombe yule bwana amsubiri kama anaweza. Shangazi alikuwa anafungua mdomo ajibu, sauti ya baba ikatoka chumbani, nzito ya usingizi: "Mwacheni auze vifungo vyake, mtu alale."

Basi ikawa hivyo.

Mkufunzi alikuwa amemwachia mashine moja kuukuu wakati chuo kilipoleta mpya. Aliifunga kwenye meza nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha mabati, akajifunga kitambaa puani, akaanza kazi. Pembe ikisagwa hutoa harufu ya nywele zinazoungua. Siku ya kwanza jirani alipiga hodi akiuliza kama wameunguza wigi. Siku ya pili hakupiga hodi, alifunga madirisha kwa kishindo kila mtu asikie. Mama alimtetea mbele za watu, lakini nyuma ya mlango hakumhurumia. Alikuwa akichukua kifungo, anakishona kwenye kitambaa, anakivuta huku na huku, kisha anamrudishia na uzi umeachana.

"Matundu yako yana makali ndani. Kifungo kizuri kinachokata uzi ni takataka."

Binti akarudi kwenye ncha nyembamba na kulainisha kila tundu kwa ndani, kazi ambayo mnunuzi hangeiona. Aliweza kumaliza mchana mzima kwenye kopo moja. Jioni alivipanga juu ya vipande vya karatasi ngumu, seti kwa seti, akivichagua kwa rangi kama alivyozoea kuchagua meno ili kicheko cha mtu kisiwe na kiraka.

Maonyesho ya kwanza yalifanyika uwanja wa shule, chini ya mahema. Alipewa meza ya pembeni, njia ya kwenda vyooni. Watu walipita wengi, ila wengi walikuwa na haraka. Jirani yake alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito aliyetengeneza sabuni za rangi zote, na ambaye hakuwahi kuonekana amekaa. Vifungo akavaa blauzi aliyoshonewa na mama, yenye vifungo vya samaki, akatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Watu walisimama. Walishika. Walisema nzuri sana, mwenyewe umetengeneza? Walikiweka kifungo kwenye kiganja, wakakigeuza juani, na wakakirudisha taratibu mahali pake kama waliokiazima. Bwana mmoja mwenye kofia alitazama meza yote, kisha akatazama chini ya meza.

"Shati lake liko wapi?"

"Nauza vifungo tu, kaka."

"Sawasawa na kuuza kitasa bila mlango," alisema bila ubaya, akaenda zake.

Mwanafunzi wa ushonaji alinunua seti moja. Bibi mmoja alinunua kimoja, akasema atakitia uzi amvalishe mjukuu shingoni. Basi. Jioni baba alikuwa akivaa koti kwenda lindoni, akamuuliza, "Umeuza?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kitu," baba akasema, akafunga koti hadi juu, akatoka.

Maonyesho ya pili mvua iliyavunja kabla ya saa sita. Walijikunyata chini ya hema moja na mama wa sabuni, ambaye povu lilikuwa limeanza kutoka kwenye masanduku yake, naye akacheka kama ni mali ya mtu mwingine.

"Mdogo wangu, nikwambie kitu," alisema. "Watu wakiona kitu kimekaa tu mezani, wanadhani umekinunua jumla. Ile mashine yako unayonisimulia, ilete. Mtu akisikia kelele atageuka. Akiona unga unaruka atasimama. Akisimama, kazi kwako."

Ushauri ulimwingia. Maonyesho yaliyofuata yalikuwa ndani ya ukumbi wa manispaa, kuna umeme, na alikwenda na mashine kwenye mkoba wa mgongoni. Asubuhi aliiwasha, akaanza kuchonga. Mama wa sabuni alikuwa amesema kweli: watu waligeuka, watu walisimama. Walinunua zaidi kidogo kuliko zamani, ingawa waliosimama walikuwa wengi mno kuliko walionunua. Alivumilia. Alikuwa amejifunza kuchonga huku akijibu maswali yale yale.

Miongoni mwa waliosimama kulikuwa na mzee mrefu aliyejifunika mdomo kwa leso. Alisimama kitambo. Wengine walipopungua akasogea.

"Hiyo mashine inasaga nini, binti yangu?" Maneno yalitoka yamelegea, kama ya mtu aliyebeba kitu kinywani.

"Shikamoo babu. Inasaga pembe, kifuu, hata mfupa."

"Na plastiki?"

"Hata plastiki."

Mzee akatazama kushoto na kulia, akageuka ukutani, akageuka tena. Kwenye leso alikuwa ameshika meno yake ya chini. "Yananikata hapa ndani. Nimeyavaa tangu msimu wa baridi kwa kuwaogopa watoto tu, maana ndio waliolipa nitengenezewe. Chakula natafuna kwa meno ya juu na ulimi."

Vifungo hakuyagusa kwanza. Aliyatazama tu, na alipoyatazama aliona kila kitu: nta ilipangwa na mtu mwenye haraka, ukingo wa ndani haukumalizwa, ung'arishaji umeishia pale jicho la mgonjwa linapoishia.

"Babu, rudi kwa daktari aliyekuvalisha."

"Nimerudi. Wamenipa tarehe. Tarehe yenyewe ipo mbali, sina hakika kama na mimi nitakuwepo."

Alisema bila kutafuta huruma, ndiyo maana binti hakuweza kumwambia tena aende. Alikwenda kunawa mikono kwa sabuni ya jirani, akafuta ncha mpya kwa spiriti. Akamwomba mzee anunue dawa ya meno pale dukani ng'ambo ya barabara, apake tone moja kwa kidole chake mwenyewe pale panapouma, avae meno, ayaume, kisha ayavue. Mzee alifanya kama alivyoambiwa, kwa utii wa mtu aliyekwisha kujaribu yote. Meno yalipotoka, alama nyeupe ilikuwa imekaa kwenye ukingo wa ndani, mahali pale pale alipopashuku. Akawasha mashine. Akaondoa kiasi cha unywele, akapitisha kidole, akaondoa tena, akalainisha, akang'arisha, akayaosha na kumpa.

Mzee akavaa. Akafunga mdomo. Akainua macho juu, kama anayesikiliza redio ya jirani. Kisha mama wa sabuni, ambaye alikuwa akifuatilia kila kitu akijifanya anapanga bidhaa, akamkatia ukoko wa mkate wake wa mchana.

Mzee akauma. Ukoko ukalia. Akatafuna upande ule, akameza, akauma tena, mpaka ukoko wote ukaisha. Kisha akachagua seti ya vifungo vya kifuu bila kuuliza, akalipa, akaondoka na leso yake ikiwa mfukoni.

Kesho yake Vifungo alifika ukumbini akakuta yule mzee yuko mlangoni na wenzake. Walikuwa wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kwenye mkutano. Mmoja meno yake yalicheza, mmoja yalimkwaruza shavu, na bibi mmoja alikuwa na ya juu ambayo hakuwahi kuyavaa hata siku moja, alikuwa akiyatunza kwenye kikombe kabatini. Vifungo angesema hapana, kama angekuwa na akili zaidi. Lakini alikuwa amelala na mlio wa ule ukoko masikioni. Aliwaambia wakae kwenye mstari.

Kufikia mchana mstari ulipita meza ya sabuni na kufika kwenye vikapu. Wageni waliokuja kununua kofia walikuta wazee wameshika leso, na katikati yao msichana aliyeinama juu ya mashine, vifungo vyake vimesukumwa pembeni kama mabaki. Mratibu wa maonyesho akaja. Alikuwa mtu mpole, beji shingoni, kalamu sikioni, na alingoja Vifungo amalize anachofanya.

"Dada, hapa tunauza kazi za mikono."

"Kwani haya yalitengenezwa kwa miguu?" aliuliza yule mzee mrefu kutoka kwenye mstari.

Watu walicheka, mratibu naye akacheka. Kisha akauliza, "Una leseni ya kazi hii?"

"Nimeiomba. Haijatoka."

"Basi zima mashine. Vifungo endelea kuuza."

Aliizima. Hakubishana, kwa sababu hakukuwa na la kubishania. Wazee walifunga meno yao kwenye leso wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakimshukuru kwa kazi ambayo hakuwafanyia. Alikaa pale hadi jioni na vifungo vyake, akiona aibu, na chini ya aibu kuna jambo jingine ambalo hakulijua jina.

Habari zilimfikia shangazi kabla hazijakauka. Muuguzi mstaafu ana wagonjwa kila mtaa, na bibi wa meno ya kabatini alikuwa mmoja wao. Jioni ile ile aliingia, akakaa, na hata maji hakungoja.

"Ulinawa mikono?"

"Nilinawa."

"Kila mtu?"

"Kila mtu, shangazi."

"Ncha ulichemsha?"

"Nilifuta kwa spiriti."

"Ulifuta." Shangazi alilirudia neno lile na kuliacha likae. Baba alikuwa bado hajaamka, kwa hiyo hata hasira ile ilikuja kwa sauti ya chini, na ilikuwa mbaya zaidi hivyo. "Mtu anatoka damu kwenye ufizi, wewe unafuta. Ungemtoa huyu kidonda ukampa yule ugonjwa. Hilo hukufundishwa?"

"Nilifundishwa."

Mama alisimamisha cherehani. Shangazi alikuwa na mengi bado, ilionekana, lakini kukiri kule kulimkatia njia. Akavuta pumzi, akanyoosha kanga yake magotini.

"Na huyo mzee wa kwanza," akasema baadaye. "Alikula?"

"Alikula ukoko wa mkate."

"Mh."

"Shangazi, mimi pale chuoni sijawahi kuona mtu akila. Tunatengeneza, vinakwenda. Yule alipouma nilitaka aume tena. Vifungo havijawahi kunifanya hivyo, hata kile cha baba."

"Jumatatu nenda na vyeti," shangazi alisema, na safari hii hakusema kama amri.

Mwenye maabara alikuwa bwana mfupi wa maneno machache, amevaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Maabara yake ilikuwa nyuma ya kliniki ya daktari wa meno, imetenganishwa nayo kwa korido na mlango usiofunguliwa mara nyingi. Alikuwa amesikia habari za ukumbini. Mji mzima wa wasio na meno ulikuwa umezisikia. Hakuzitaja. Alitazama vyeti, akavirudisha, akaomba kuona kazi. Vifungo hakuwa na meno ya kumwonyesha, akatoa mfukoni seti ya vifungo vya pembe.

Bwana alikiinua kimoja kwenye taa. "Kung'arisha hiki ulianzia na nini?"

"Unga wa jiwe la pumisi. Halafu chokaa laini."

Akakipitisha kwenye uzi aliouchomoa kwenye pindo la koti lake, akauvuta mbele na nyuma. Uzi haukukatika. Akatikisa kichwa kukubali.

"Nina ombi moja," Vifungo alisema. "Siku ya kumvalisha mgonjwa meno niliyotengeneza, niitwe."

"Fundi anakaa nyuma. Daktari anakaa mbele."

"Nitakaa nyuma. Siku hiyo tu niitwe."

"Hakuna fundi aliyewahi kuniomba hilo," alisema, si kwa kusifu wala kwa kukataa. Alikwenda koridoni, akagonga ule mlango. Alirudi na jibu la daktari, ambaye alikuwa mwanamke mwenye shughuli nyingi: aje, mradi asimwongeleshe mgonjwa kabla yangu.

Vifungo havikufa. Kwa muda mama alijaribu kushona mashati ya kuvipachika, na mashati yaliuzika, lakini mama alichoka mapema. Alisema macho yake alipewa kwa ajili ya sare, si kwa watu wanaojaribu shati, wakalivua, wakaliacha limekunjamana. Fundi mmoja wa makoti ya harusi alianza kuchukua vya pembe kila alipopata mteja anayejua kutazama. Na maonyeshoni binti huenda kila akipata ruhusa, mratibu humpa meza iliyo mbali na vyoo, na mama wa sabuni humtangazia wateja kwamba huyu akikutazama ukicheka anajua umri wa kila jino. Haendi na mashine. Leseni ilitoka baadaye, ikafungwa kwenye fremu, ikatundikwa maabara juu ya sinki, ambako huloweshwa na mvuke.

Mwaka wa pili wa kazi yake alitengeneza meno ya juu kwa mwanamke mwenye bustani ya miche nje kidogo ya mji. Alitengeneza vizuri, alijua mwenyewe. Siku ya kuvalishwa akaitwa, akasimama ukutani na mikono nyuma. Daktari alivalisha, akakagua, akampa mgonjwa kioo. Yule mwanamke alijitazama kwa makini kama anayekagua mche wa kununua, hakutabasamu.

"Yamekaa," alisema. "Lakini naweza kupiga mluzi?"

Daktari alisimamisha kalamu. "Mluzi wa nini, mama?"

"Mume wangu masikio yamekwenda. Yeye huwa mwisho wa bustani, mimi huwa nyumbani. Jina lake nikiliita halisikii. Mluzi anausikia. Tangu meno ya mbele yang'oke nimekuwa nikimfuata kwa miguu."

Akajaribu. Upepo ulitoka peke yake. Daktari alianza kueleza kwamba kuzoea kunachukua muda, akaishia njiani, akamgeukia fundi wake ukutani. Vifungo akaomba ruhusa kwa macho, akayachukua, akarudi nyuma maabara. Alikaa nayo akifikiri, ulimi wake mwenyewe ukipima kaakaa lake. Kisha akapunguza unene nyuma ya meno mawili ya mbele, kidogo tu, akang'arisha, akayasafisha kama inavyotakiwa, akarudi.

Mwanamke akajaribu tena. Upepo. Akavua, Vifungo akaenda na kurudi mara nyingine. Sasa mgonjwa alilowesha midomo, akakaza mashavu, na kwenye chumba kile cha vioo na chuma ukatoka mluzi mwembamba, ukapanda, ukakatika.

Mlango wa kliniki ukafunguliwa. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje aliingiza kichwa, kofia mkononi.

"Tunaondoka?" akauliza.